Malalamiko kuhusu kamba ya kamera mliyoniuzia kwa kazi ya kuzamia

Luchelele,
Mwanza.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KAMBA YA KAMERA ILIYONASA WAVU NA KUANGUSHA KAMERA ZIWANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzamiaji, na niseme mapema kwamba ni wa majini, si wa melini. Nakagua vizimba vya sato katika Ghuba ya Mwanza. Naangalia kama wavu umetoboka, kama kamba za nanga zimelegea, kama kuna samaki waliokufa wamelundikana chini. Mwenye kizimba haingii majini. Anakaa kwenye boti, na nikiibuka anataka picha. Ukiibuka bila picha, kwake ulikwenda kuoga tu, na malipo yanaanza kuwa maneno.

Mwezi Januari niliagiza kwenu kamba mbili za kufungia kamera kwenye jaketi la kuzamia, moja yangu na nyingine ya mwenzangu, kila moja shilingi 65,000. Nililipa kwa simu, mzigo nikauchukua stendi ya Nyegezi baada ya siku nne. Kwa hilo sina neno. Tangazo lenu lilisema maneno matatu ambayo ndiyo yamenifanya niandike: kwamba kamba ni ya "kazi za kuzamia", kwamba "haiachii", na kwamba boya lake "litaibeba kamera yako ikikuponyoka".

Kwa yeyote kwenu ambaye hajaishika, ni kamba ya plastiki iliyojisokota kama waya wa simu ya mezani ya zamani. Upande mmoja ina kulabu yenye ulimi wa springi, ile ya kubonyeza inafunguka na kujirudisha yenyewe. Upande wa kamera ina kifungo cha plastiki cha kubana kama cha begi la shule, na kipande cha sponji cha rangi ya chungwa ndicho boya.

Wiki ya kwanza ya Februari nilishuka kwenye kizimba kimoja, kulabu nimeipachika kwenye pete ya bega la kushoto. Maji yalikuwa ya kijani kama kawaida ya ghuba yetu, ukinyoosha mkono vidole unavihisi kuliko kuviona. Nilikuwa mita 9 hivi, chini yangu zimebaki kama mita 5 kufika tope. Kumbe kwenye kamba ya nanga kulikuwa kumejizungusha kipande cha timba. Kwa msioifahamu, timba ni wavu wa uzi mmoja mwembamba wa nailoni, umepigwa marufuku lakini vipande vyake vimejaa ziwani, na ndani ya maji hauonekani kabisa. Nilipogeuka, uzi ukausukuma ulimi wa kulabu yenu, ukaingia ndani, ulimi ukajifunga. Nikawa nimefungwa begani, kwenye wavu, nikiwa chini, bila mimi mwenyewe kugusa kitu.

Hapo nataka msimame kidogo, maana mhudumu wenu wa simu alipita haraka. Kulabu ya ulimi wa springi inafunguka kwa kusukumwa kutoka nje. Haijali kama inayosukuma ni kidole changu au uzi wa mvuvi. Kwenye begi la safari ni nzuri sana. Kwa mzamiaji anayefanya kazi kwenye nyavu, ni mtego anaouvaa mwenyewe asubuhi. Wazamiaji wanatumia kulabu yenye kijiti cha kuteleza, unachokivuta nyuma kwa kidole gumba. Uzi hauwezi kukivuta kwa bahati mbaya. Na hata hiyo haifungwi chuma kwa chuma. Kati ya kulabu na kamera unaweka kitanzi cha kamba ya nailoni, ili ikigoma kufunguka ukate kwa kisu na uondoke. Kwenye kamba yenu, kulabu imeungwa na waya mwembamba wa chuma uliopita katikati ya plastiki. Nilitoa kisu changu. Kisu hakikufanya lolote.

Nilijivuta. Pale kifungo cha begi la shule kilipoachia, kamera ilikwenda. Nikiwa mkweli, kuachia kwake ndiko kulikonirahisishia, kwa sababu niliweza kushika kulabu kwa mikono miwili na kuitoa kwenye uzi taratibu. Kwa hiyo sintawalaumu sana kwa kifungo. Nawalaumu kwa kuandika "haiachii" juu ya kitu kinachoachia, na kwa kuweka kulabu isiyotakiwa kuwepo.

Sasa boya. Niliibuka nikitegemea kuona rangi ya chungwa inaelea. Hakuna. Tulizunguka na boti hadi jua likawa kali, hakuna. Nilirudi chini mara mbili. Tope la pale ni laini kama uji wa mtama, ukipiga pezi moja tu unazima hata ile mwanga kidogo iliyokuwepo. Kamera, kasha lake na taa, jumla shilingi 1,850,000, viko humo hadi leo.

Nilipopiga simu niliuliza kama boya lilipimwa kwenye maji baridi. Kijana aliyepokea akaniuliza kama baridi ilikuwa kali kiasi cha kukakamaza plastiki. Nikamwambia, ndugu yangu, maji baridi ni maji yasiyo ya chumvi. Akanyamaza, kisha akasema, "Kwani ziwani huko mnazamia, kaka?" Sikumkasirikia, ila nilijua jibu la swali langu.

Kwa hiyo nilipima mwenyewe. Mwenzangu ana kamera ya aina ileile, na kamba yake ya kwenu ilikuwa bado mpya. Nilijaza ndoo mbili za lita 20 maji ya ziwa. Moja nikaiacha hivyo, nyingine nikakoroga gramu 700 za chumvi, ambazo zinaifanya iwe karibu na maji ya bahari. Kwenye ndoo ya chumvi kamera ilielea, kwa shida, kasha likichungulia juu. Kwenye ndoo ya ziwa ilizama polepole hadi ikakaa chini. Mke wangu ni shahidi, na alinidai chumvi yake.

Si uchawi. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi, ya ziwa ni kilo 1. Kitu chenye ujazo wa lita mbili, kama kamera na kasha lake pamoja na taa, kinapoteza gramu 50 za msukumo wa kukipandisha kikitoka baharini Kigamboni kuja ziwani Mwanza. Boya lenu halikuwa na akiba ya gramu 50. Na hapo ni kwenye ndoo tu, bila kina. Sponji laini imejaa hewa, na hewa inabanwa kadiri unavyoshuka. Baharini mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu ukifika kama mita 10. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ya juu yake ni nyepesi zaidi, kwa hiyo huku mita 9 zinatosha. Pale pale nilipokuwa. Kamera ilianza kuzama ikiwa na sponji iliyosinyaa, na kila mita iliyoongezeka iliisinyaza zaidi.

Barua pepe yenu ya mwisho inasema kifaa "kilitumiwa isivyo sahihi" na kwamba "nguvu iliyotumika ilizidi kiwango". Kiwango gani? Kwenye pakiti hakuna kiwango. Kwenye karatasi ya maelezo hakuna. Hakuna mahali palipoandikwa baharini tu, wala mwisho mita ngapi, wala usitumie karibu na nyavu. Kuna picha ya mzamiaji anayecheka.

Kosa langu nalikubali. Nilifunga kamera sehemu moja. Nilitakiwa kuwa na kitanzi cha pili kiunoni, ili kamera ilale kifuani badala ya kuning'inia, na kimoja kikiachia kingine kibaki. Hilo nalijua na nililifanyia uvivu kwa sababu nilisoma neno "haiachii". Siku hizi natumia mkanda aliouchonga na kuushona fundi viatu wa Makoroboi, na kulabu mbili za kijiti nilizozitoa kwenye minyororo ya mbwa. Zinashika kutu, nazibadilisha. Zote mbili pamoja hazikufika shilingi 15,000.

Kwa sababu hiyo siwadai kamera nzima. Naomba yafuatayo: mnirudishie shilingi 130,000 za kamba zote mbili, maana ya mwenzangu naiambatisha hapa na hataki kuiona tena; mnilipe nusu ya thamani ya kamera, shilingi 925,000, risiti yake nimeambatisha; na mtoe neno "kuzamia" kwenye tangazo, au mbadilishe kulabu na mwandike boya limepimwa maji gani na kina gani. Hilo la tatu ndilo lisilo na mjadala kwangu. Vijana wengi sasa wanaingia kwenye kazi hii ya vizimba, wengine hawana hata kisu mguuni, na tangazo lenu bado lipo. Nimelitazama jana usiku.

Nitasubiri jibu la maandishi kwa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitapeleka nakala yake, kamba, risiti na picha za ndoo zote mbili Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji. Tafadhali jibu lisitoke kwa yule kijana wa simu. Atafutwe mtu aliyewahi kushuka majini.

Wako,

Mteja wenu, mkaguzi wa vizimba
Luchelele, Mwanza

Viambatisho: kamba moja, risiti mbili, picha nne.