Msiwafiche wachumba wenu

Wanangu mliokuja Dodoma kwa ajira na masomo,

Hamjambo. Tangu Serikali ianze kuhamia kwetu mwaka 2016, nimebeba barua za posa nyingi. Mtumishi wa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, kampenda kibarua wa mizabibu. Mwanachuo kampenda dada anayekaanga chipsi Nkuhungu. Nafurahi. Kinachoniuma ni kwamba mnawaficha.

Nilikuwa mshenga wa kijana mmoja wa Hombolo. Binti, mwenye kazi nzuri, alimwazimia suti na viatu, akamfundisha aseme ni mfanyabiashara. Tulipokaribishwa ukweni, baba mtu akauliza, "Biashara gani?" Binti akadakia, "Ya zabibu." Kijana akaishusha mikono yake chini ya meza, ile mikono yenye makovu ya mkasi wa kupogolea mizabibu ya watu. Mimi nilijua, nikanyamaza, nikaendelea kunywa soda. Mahari ikatajwa kwa kipimo cha mfanyabiashara. Baba yake akauza ng'ombe wawili, kijana akakopa huku na huku, haikutimia. Mwisho akaacha kupokea simu. Binti alikuja kulia kwangu, nami sikuwa na la kumwambia, kwa sababu uongo ule niliusindikiza kwa miguu yangu.

Wazazi wanaomkataa mtu kwa umaskini wake wapo, na siwatetei. Lakini waambieni ukweli mapema, mkajadiliane mahari ya mtu halisi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa iliyotimiza masharti yake ni halali hata kama mahari haijatolewa. Sisemi mkwepe mila. Mimi Mgogo, naipenda heshima ya ng'ombe kuingia zizini. Nasema hakuna haja ya kudanganya kwa hofu.

Wala asiye na mshahara msimwite mtegemezi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Anayepika, anayelea, anayeamka usiku mtoto akiwa na homa, naye anajenga.

Nanyi mnaofichwa, msikubali. Mwenzako akikutambulisha kwa wenzake wa ofisini kuwa ni "ndugu yangu tu", muulize siku hiyo hiyo, kwa upole, lakini muulize.

Kabla ya posa, nendeni kwao. Si hotelini mjini, kwao. Uketi kwenye kigoda cha mama yake, ule ugali wa uwele na mlenda, ulale hapo usiku mmoja, uone choo kilivyo na maji yanatoka wapi. Kisha mpeleke kwenu akiwa na viatu vyake mwenyewe. Mkishafanya hayo, niiteni. Barua nitaibeba, na safari hii nikiulizwa kazi yake nitaitaja.

Babu yenu, mshenga