"Skwea Yenu Imepinda": Kabla Hujairudisha, Ipime Hivi

Lalamiko ni lile lile. Fundi kanunua skwea (zana ya kukagua pembe ya digrii 90) dukani kwetu, kaipeleka karakana, kaiegesha kwenye kona ya plaiwudi, kaona mwanga unapita. Kesho yake yupo mlangoni: "Ile yangu ya bei chee inakaa vizuri, hii ya bei yote hiyo inaacha mwanya. Mmenipiga." Mwanya kauona kwa macho yake, kwa hiyo hakuna haja ya kubishana. Skwea inawekwa mezani, ubao wa majaribio unaletwa, inapimwa yeye akiangalia. Ikionekana imepinda kweli, inabadilishwa papo hapo. Ila nyingi zinazorudi ni nzima. Mgonjwa ni plaiwudi.

Kona ya shiti la plaiwudi hukatwa ili shiti lipangike na kuuzika, haikukatwa ili ikupimie zana. Kingo zake hugongwa wakati wa kupakia na kupakua, tabaka la juu linamegeka, na kipande kilichobaki karakana tangu kazi iliyopita kimekatwa na msumeno ambao hakuna aliyeukagua. Kona ya kigae, ya karatasi au ya kabati kuukuu ni hadithi hiyo hiyo. Na ile skwea ya bei chee iliyokaa vizuri? Skwea iliyopinda ikipatana na kona iliyopinda, ujue tu kwamba zimeegemea upande mmoja.

Kipimo cha kweli hakihitaji kona. Kinahitaji ukingo mmoja ulionyooka na kisu. Chukua kipande cha MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) chenye unene wa milimita 18, upana wa kama milimita 400, au mbao ngumu iliyopigwa randa. Kwanza hakikisha ukingo wenyewe umenyooka, maana hapa ndipo wengi huruka hatua kisha wakailaumu skwea. Laza ubao juu ya ubao mwingine, chora mstari kwa kisu kufuata ukingo ule kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha pindua ubao uso chini, ulete ukingo huo huo kwenye ncha mbili za mstari na uchore tena. Mistari ikilaliana, ukingo umenyooka. Ikiachana katikati, rudi kwenye randa.

Sasa skwea yenyewe. Sehemu nene tuiite mpini, ile nyembamba bapa. Bana mpini kwenye ukingo kwa kiganja, vidole viwili vikikandamiza bapa lisiinuke. Tumia kisu chenye makali ya upande mmoja, upande wake tambarare ukiwa umelala kwenye chuma, na ukate mara mbili kwa mkono mwepesi. Ukikandamiza sana mara ya kwanza, kisu kinafuata nyuzi za mbao na kuikimbia skwea. Kisha geuza skwea, mpini uliokuwa kushoto uwe kulia, uso wa juu uwe chini. Lisogeze bapa hadi liguse mstari pale pale ulipoanzia, karibu na ukingo, halafu tazama ncha ya mbali.

Kama ulichora kwa ukingo wa nje wa bapa, mambo yako hivi. Mstari wa kwanza ukifichwa chini ya bapa kule mbali, pembe imezidi digrii 90. Ukibaki nje ukiachana na bapa, pembe imepungua. Na mwanya unaouona ni kosa mara mbili, kwa sababu skwea imekosea kushoto ikakosea tena kulia. Mwanya wa milimita 0.2 kwenye ncha ya bapa la milimita 150 maana yake kosa ni milimita 0.1. Wapo wanaorudisha skwea kwa mwanya huo wakidhani wote ni kosa, na tunawaelewa, lakini gawa kwa mbili kwanza.

Rudia kwa ukingo wa ndani wa bapa. Kingo mbili za bapa moja si lazima ziwe sambamba, na kwenye skwea za mpini wa mbao watengenezaji wengi hushughulikia zaidi uso wa ndani wa mpini, ule wenye kipande cha shaba. Ukiitumia skwea hiyo kukagua kona ya ndani ya droo, unapima kwa sehemu ya nje ambayo huenda haikupimwa na mtu yeyote.

Kosa kiasi gani ni kosa? Moja ya kumi ya digrii inasikika kama mzaha, lakini kwenye milimita 300 inakupa kama nusu milimita, kwenye 600 milimita 1, na kwenye mlango wa mita 2 inakupa milimita 3.5. Kabati la milango miwili huachiwa mwanya wa milimita 2 au 3 katikati. Mlango mmoja ukikosea kwa milimita 1 na mwenzake ukaegemea kinyume, juu milango inagusana au inakaribia kugusana na chini inaachana, na lawama zote zinaangukia bawaba.

Kiwango cha Kijerumani cha DIN 875 kinaruhusu skwea ya milimita 150 ya daraja la 2 ikosee milimita 0.035, na ya daraja la 0 milimita 0.008. Hizo ni skwea za chuma kitupu, za mafundi wa mitambo. Skwea nyingi nzuri za mpini wa mbao huuzwa kwa ahadi ya milimita 0.01 kwa kila sentimita ya bapa, yaani 0.15 kwenye bapa la milimita 150. Tofauti ni kubwa, na bei pia. Kwa kazi ya samani, kosa lisilozidi milimita 0.1 kwenye 150 linatosha. Daraja la 00, kali kuliko la 0, tunalo, lakini fundi mbao akiliulizia tunamwambia ukweli: mbao yenyewe itatanuka na kusinyaa kuliko tofauti hiyo kabla gundi haijakauka vizuri. Pesa hiyo nunua kisu cha kuchorea. Penseli iliyo butu inachora mstari wa nusu milimita au zaidi, na hakuna skwea inayoweza kuuponya.

Ukiuliza ununue ipi, jibu letu ni mbili: ya chuma kitupu ya milimita 150 isiyo na kitu cha kulegea, na ya kutelezesha, ile ambayo bapa huteleza ndani ya mpini, yenye bapa la milimita 300. Hii ya kutelezesha, ambayo Laroy Starrett wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1879, inapima kina, inachora mistari sambamba na ukingo, inatoa digrii 45. Lakini ndiyo inayodanganya zaidi ikiwa ya ovyo. Bapa lake huegemea vinundu viwili vidogo ndani ya mfereji wa mpini, na usahihi wote unakaa pale. Kaza skrubu, shika ncha ya bapa, itikise. Ikicheza hata kidogo, iache dukani. Angalia pia alama za vipimo: zilizochongwa ndani ya chuma unazisikia kwa ukucha, zilizochapwa kwa rangi zitafutika kwa jasho. Na kabla ya kusema imepinda, ivue bapa, futa vumbi la mbao mferejini, rudisha, pima upya. Chembe moja ya vumbi juu ya kinundu kimoja inatosha kukukosanisha na muuzaji.

Mpini wa mbao ni mzuri mkononi, ila mbao hunywa unyevu, na ikiangushwa sakafuni ribiti (pini za chuma zinazoshika bapa kwenye mpini) zinalegea bila kuonyesha ufa wowote. Zile za plastiki zitoshe kwa kuchora tofali na mabati.

Sasa njia ya mkato inayotukera. Mtu anakata vipande vyote vya kabati kwa skwea asiyoijua, kisha anatuletea tuunganishe, akitumaini gundi na klampu zitanyoosha. Klampu hazinyooshi. Ncha ya ubao iliyokatwa kwa pembe ikivutwa kwa nguvu inakaa siku ile, halafu pembe za fremu zinavutana na kiungo kinafunguka. Kurekebisha maana yake kila kipande kipungue: ubao wa 600 unakuwa 597, mwenzake wa upande wa pili naye ashuke 597, rafu ya ndani ifuate, mgongo wa plaiwudi ukatwe upya, na droo zilizokwisha kutengenezwa haziingii tena. Ndiyo maana tunatoza kazi hiyo zaidi ya kuunganisha vipande vilivyokatwa sawa. Si roho mbaya, ni saa za kazi. Na ukiamua kukata mwenyewe, weka alama kwenye uso mmoja na ukingo mmoja ulionyooka wa kila ubao, na mpini uguse hapo tu. Ukizunguka ubao ukihamisha mpini kutoka ukingo hadi ukingo, na kingo zisiwe sambamba, mstari wa nne hautakutana na wa kwanza hata kama skwea ni ya daraja la 00.

Kuhusu bei: kila skwea hapa hupimwa kwa kisu kabla ya kupanda rafuni, ndani na nje, na zinazoshindwa hurudi kwa msambazaji. Muda huo umo kwenye bei.

Skwea kubwa ya chuma kimoja, ile ya mikono miwili ya mafundi wa mapaa, tunanyoosha. Pembe ikiwa imepungua, tunapiga senta panchi (chuma chenye ncha kinachogongwa kwa nyundo) karibu na kona ya ndani. Chuma kinatanuka pale na mikono inafunguka. Ikiwa imezidi, tunapiga karibu na kona ya nje, inafunga. Pigo moja, pima, pigo jingine. Usijaribu kwa nyundo peke yake, maana chuma kinajikunja katikati ya mkono na hapo haitanyooka tena. Ya kutelezesha tunasugua kinundu kilichozidi kwa tupa ndogo laini, miguso miwili mitatu kila kipimo. Ya ribiti iliyolegea hatuigusi. Gharama ya kuifungua na kuipanga upya inazidi kununua nyingine.

Na ukirudisha skwea, njoo na ule ubao uliochorea. Mara nyingi tunauhitaji kuliko skwea.