Vijana hawajaacha kujitolea, viongozi wa klabu tujitazame

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie lawama ambayo sisi wanachama wa klabu za kijamii hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, tumeizoea kila unapofika mkutano mkuu: kwamba vijana wa siku hizi hawataki kujitolea mpaka waone pesa. Wanaosema hivyo ni wazee ninaowaheshimu, na wengi wao wameitumikia jamii kwa miaka mingi, lakini sikubaliani nao. Shule zilipofungwa Machi 2020, na watoto wengi wakakaa nyumbani hadi Januari 2022, vijana hao hao ndio waliowasaidia watoto wa majirani kusoma barazani bila kuombwa na kamati yoyote. Moyo wanao. Wanachokosa wakija klabuni ni uongozi unaothamini muda wao.

Tazama jinsi kazi zetu zinavyoitishwa. Linatoka tangazo kwamba Jumamosi saa mbili asubuhi watu wote wafike kusafisha chemchemi. Vijana wanafika, kiongozi anafika saa nne, majembe hayatoshi, na hakuna aliyepanga nani afyeke na nani azibue mfereji, kwa hiyo wachache wanafanya kazi na waliobaki wanasimama pembeni hadi mchana. Kijana aliyeegesha bodaboda yake ili aje pale amepoteza kipato cha nusu siku, na alichopoteza hakikuifaa chemchemi wala klabu. Asiporudi Jumamosi inayofuata tunamwita mvivu. Tena mara nyingine tunaitisha kazi hizo Machi, mvua zinapoanza na kila nyumba iko shambani ikipanda, kisha tunashangaa kuona watu wachache.

Mababu zetu walilijua jambo hili vizuri kuliko sisi. Buganda ina bulungi bwansi, ambapo watu hutoka pamoja kufyeka barabara na kusafisha visima vya kijiji. Katika milima ya Kigezi na Ankole, mahali ambapo gari halifiki, kuna vikundi vya engozi ambavyo wanachama wake hupokezana kumbeba mgonjwa kwa machela mpaka kituo cha afya. Vikundi vya kuzikana viko karibu kila pembe ya nchi. Ukivichunguza vikundi hivi utaona kwamba havitegemei hotuba za kuhamasisha. Mtu anajua zamu yake, anajua alete nini, anajua nani atampokea mzigo akichoka, na anajua kwamba siku msiba au ugonjwa ukibisha mlangoni kwake, wengine watakuja. Hakuna anayeshangaa kukuta kikundi kama hicho kinamtoza faini asiyefika, kwa sababu masharti yaliwekwa wazi kabla hajajiunga.

Sasa niseme kuhusu pesa, maana hapo ndipo klabu nyingi zinapovunjika. Anayejitolea ameitoa nguvu yake bure. Hakusema kwamba atatoa pia nauli, muda wa maongezi na chakula cha mchana kila wiki. Wahudumu wa afya wa vijiji, ambao mpango wao ulianza mwaka 2001, wametufundisha hili kwa uchungu, kwani wengi wamekuwa wakitembea nyumba hadi nyumba na daftari zao huku gharama za kazi ya umma zikitoka katika mifuko yao wenyewe. Katika klabu zetu ugomvi mkubwa zaidi huzuka pale ambapo fulani amerudishiwa nauli na mwenzake akaambiwa asubiri, bila yeyote kujua kanuni iliyotumika. Mambo huharibika kabisa mfadhili anapoleta semina yenye posho: majina yanayopelekwa ni ya ndugu na marafiki wa mwenyekiti, na waliochimba mfereji wanasikia habari hiyo baada ya watu kurudi. Naamini kila klabu inapaswa kuandika katika katiba yake ni gharama zipi zinarudishwa na kwa kiwango gani, mweka hazina alipe siku hiyo hiyo, na hesabu isomwe mbele ya wote. Kama hakuna kitu katika mfuko, watu waambiwe mapema, kabla hawajatoka nyumbani, ili anayekuja aje akijua.

Kuna pia dhuluma isiyotajwa mikutanoni. Katika shughuli nyingi akina mama ndio wanaopika, wanaoosha vyombo na wanaobaki kufagia uwanja, lakini uamuzi ukifanywa hawaitwi mezani. Kiongozi mwema huzigawa kazi nzito na zile zenye heshima kwa haki, na hamwongezei mzigo mtu mmoja kila mara kwa sababu tu hajui kukataa.

Jambo la mwisho ni madaraka. Klabu za Rotary, ambazo ziko katika miji mingi ya Uganda, hubadilisha rais kila mwaka tarehe 1 Julai, na atakayemrithi huchaguliwa mapema ili ajifunze kazi kabla ya kuipokea. Kwetu kuna wenyeviti walioshika kiti tangu klabu ilipoanzishwa. Kijana hatadumu mahali ambapo anaitwa kubeba viti tu. Apewe mradi mdogo, bajeti yake na uhuru wa kuamua, na akikosea aelekezwe faraghani, si mbele ya umati.

Tarehe 5 Desemba ni Siku ya Kimataifa ya Wanaojitolea, iliyowekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1985. Naziomba klabu za Tororo siku hiyo mwaka huu ziache hotuba, ziwaalike wale walioondoka waeleze sababu zao, na katibu aziandike zote katika muhtasari bila kuzipamba. Nawaomba vilevile maafisa wa maendeleo ya jamii katika kata zetu waombe kuona kanuni ya nauli na posho ya kila klabu inayotaka kutambuliwa, kama wanavyoomba kuona katiba na orodha ya viongozi.

Wako,
Mwanachama wa klabu ya kijamii,
Tororo.