Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Meya: Turuhusu jiko la pili

Mheshimiwa Meya,

Salamu kwako na kwa wasaidizi wako. Barua zangu za awali zilifuata utaratibu, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, na hazijajibiwa. Hii naiweka hadharani kwa sababu wiki iliyopita baraza lako limeahirisha tena ajenda ya kuruhusu nyumba zaidi ya moja katika viwanja vya familia moja, na safari hii halikutaja hata tarehe ya kuirudisha. Tuliokaa viti vya wananchi tuliinuka tukatoka bila la kuwaambia waliokuwa wakitusubiri nyumbani.

Anayenisubiri mimi ni mama yangu mzazi. Anaishi peke yake katika nyumba aliyojenga na marehemu baba, kwenye kiwanja ambacho nusu yake ni majani asiyo na nguvu tena ya kuyafyeka. Mimi na wanangu tumepanga chumba na sebule nje kabisa ya jiji, kwa sababu huko ndiko mshahara wangu unakofika. Natoka alfajiri kabla hawajaamka, nikirudi wa mwisho ameshalala. Mama akianguka usiku, wa kwanza kujua atakuwa jirani, na jirani mwenyewe husafiri.

Tukaomba kibali cha kujenga nyumba ndogo nyuma ya ile yake. Mchoro ulichorwa na mtu mwenye leseni, ada ikalipwa. Afisa aliyekuja kukagua alikuwa muungwana, sina ugomvi naye. Alitandaza mchoro juu ya boneti ya gari akashuka na kalamu nyekundu chumba kwa chumba. Vyumba viwili vya kulala, sawa. Bafu, sawa. Stoo, sawa. Alipofika jikoni kalamu ikasimama. Akazungushia duara sinki na sehemu ya kupikia, akaandika pembeni: hairuhusiwi. Akanieleza kwamba kwa kanuni zenu kinachotambulisha makazi ya familia ni jiko. Tukijenga vyumba vilevile, kwa ukubwa uleule, chini ya paa lilelile, bila jiko, huo ni upanuzi wa nyumba ya mama na kibali kinatoka. Tukiweka jiko, imeingia familia ya pili, na familia ya pili ni kosa katika mtaa ule. Nikamwonyesha jumba la jirani, ghorofa mbili na gereji ya magari matatu, nikauliza kama lile limevunja kanuni. Akasema hapana, pale pana familia moja.

Mheshimiwa, hiyo ndiyo sheria unayoitetea kila unaposimama kusema kwamba unalinda hadhi ya mitaa. Haipimi ukubwa wa jengo, haihesabu magari, haiangalii kivuli kinachoangukia ua wa mwingine. Inahesabu familia, na ikifika ya pili inafunga geti.

Nilitaka kujua imetoka wapi, nikasoma. Mji wa Berkeley, California, ndio unaotajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kutenga mtaa wa nyumba za familia moja tu, mwaka 1916. Wauzaji wa viwanja walioisukuma sheria ile walitaka kuwaweka mbali Wachina na watu weusi pamoja na biashara zao. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani ikapiga marufuku sheria za kugawa mitaa kwa rangi ya ngozi. Kugawa kwa aina ya nyumba hakukuguswa, na asiyeweza kununua kiwanja kikubwa na nyumba nzima alibaki nje vilevile. Mwaka 1926, katika kesi ya kijiji cha Euclid huko Ohio, mahakama hiyohiyo ikabariki mpango wote, na jaji aliyeandika hukumu akaliita jengo la wapangaji wengi mnyonyaji, linalokuja kufaidi uwazi na mandhari ya mtaa mzuri. Mnyonyaji! Ni karibu miaka 100 sasa, na wiki iliyopita diwani wako mmoja alisimama akasema wapangaji "wanakuja kufaidi" mitaa ambayo hawakuijenga. Wewe ulikuwa kwenye kiti cha enzi cha kikao na hukumrudisha kwenye hoja.

Berkeley wenyewe wamebadilika. Mwaka 2021 baraza lao lilipiga kura kutangaza nia ya kuachana na utaratibu ule, na azimio lilikiri ubaguzi uliouzaa. Je, sisi tunamlinda nani kwa sheria ambayo waliotangulia kuitunga wanaionea haya?

Usiniambie kwamba haijajaribiwa popote. Oregon, jimbo la Marekani, ilipitisha mwaka 2019 sheria ya jimbo zima: miji yenye watu zaidi ya 25,000 lazima iruhusu hadi nyumba nne katika mitaa iliyokuwa ya familia moja. Auckland, New Zealand, mwaka 2016 ilifungua takriban robo tatu ya ardhi yake ya makazi kwa ujenzi wa kubanana zaidi. Vibali vya ujenzi vilipanda miaka iliyofuata, na ongezeko kubwa lilikuwa la nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, nyumba ambazo mwalimu au muuguzi anaweza kuzifikiria. Jiji la Houston, Texas, mwaka 1998 walifanya jambo dogo tu: katika eneo la kati walipunguza kiwango cha chini cha kiwanja kutoka futi za mraba 5,000 hadi 1,400. Paliposimama nyumba moja zikasimama tatu.

Sisemi ni dawa ya kila kitu. Minneapolis, mji mwingine wa Marekani, iliidhinisha nyumba za familia tatu katika kila kiwanja mwaka 2018, na zilizojengwa zimekuwa chache. Kilicholeta nyumba nyingi ni majengo makubwa kando ya barabara za mabasi na kufutwa kwa sharti la kutenga maegesho. Basi nasi tufanye na hayo. Lakini baraza lako limeshikilia Minneapolis kama sababu ya kutofanya lolote, na hilo si haki.

Wanaopinga nao wana hofu ya kweli, nami namjua mmoja wao kwa karibu: mama yangu mwenyewe aliogopa mabomba ya majitaka yangezidiwa. Ni swali la mhandisi, na lina majibu. Mabomba yapimwe, mtaa usio na uwezo upewe zamu ya baadaye, anayeongeza nyumba achangie gharama. Na katika mitaa ya viwanja vikubwa bomba refu linahudumia kaya chache, barabara ndefu inalipiwa na walipakodi wachache. Jiji linalotanuka bila kukoma halikwepi gharama ya mabomba, linayapeleka mbali zaidi. Wengine wanaogopa kwamba ardhi itapanda bei na wajenzi wakubwa watawanunua wazee mmojammoja. Hiyo nayo naielewa. Lakini leo hii mzee mwenye kiwanja kikubwa na mfuko mtupu ana njia moja tu, kuuza chote na kuhama. Akiruhusiwa nyumba ya pili, anaweza kubaki na kupangisha.

Kwa nini basi mnaahirisha? Hakuna aliyetueleza, kwa hiyo nabaki kukisia. Nadhani ni kwa sababu kikao kinaitwa saa nane mchana siku ya kazi. Wenye nyumba waliostaafu wanakuja, na wana haki ya kuja. Wanaohitaji nyumba wako kazini, au ndani ya basi, au wameshasukumwa nje ya mpaka wa jiji na hawana kura ya kukupa wala ya kukunyima. Mimi ni mmoja wao. Nafanya kazi katika jiji lako, wanangu walizaliwa katika jiji lako, na siku ya uchaguzi jina langu halimo katika daftari lako. Wakati wa kampeni, nilipokuwa bado mkazi, ulikuja mtaani kwetu ukaahidi kwamba waliokulia hapa hawatalazimika kuhama ili wapate pa kulala. Tulikupigia makofi. Mama alikupigia kura, na anauliza mpaka leo ile ahadi imefikia wapi, nami sina jibu la kumpa kwa niaba yako.

Naambiwa pia kwamba utafiti mwingine utafanyika kwanza. Utafiti wa nini, Mheshimiwa? Wataalamu wako walishawasilisha pendekezo, liko kwenye makabati yako. Kinachokosekana ni kura.

Naomba ajenda irudishwe katika kikao kijacho. Naomba kikao kiitwe jioni, au mwisho wa wiki, ili wanaofanya kazi waweze kufika. Naomba kila diwani apige kura kwa kutajwa jina. Kama nyumba nne ni nyingi mno kwenu, anzeni na mbili. Kama hata mbili zinawatisha, futeni kipengele cha jiko peke yake; hakihitaji bomba jipya wala barabara mpya, kinahitaji mstari mmoja ukatwe katika kanuni. Vyumba mmesharuhusu. Paa mmesharuhusu. Turuhusuni kupika karibu na mama yetu. Na kama jibu ni hapana, liandikwe, lisainiwe, lipelekwe kwake mwenyewe, maana anuani yake mnayo na kodi ya jengo analipa kila mwaka.

Wako katika kusubiri majibu,

Mpangaji, na binti wa mkazi wa jiji lako