Mjadala wa Jumamosi: Profesa Paulo Freire

Ndugu wanakikundi,

Jumamosi hii, saa mbili usiku, tutamjadili Paulo Freire, msomi wa elimu aliyezaliwa Recife, Brazili, mwaka 1921. Alisomea sheria, lakini aliiacha mapema akageukia ualimu, na baadaye akafundisha historia na falsafa ya elimu katika chuo kikuu cha mji huo.

Naomba tutumie muda mwingi kwenye kazi aliyoiongoza Angicos, mji mdogo wa kaskazini-mashariki mwa Brazili, mwaka 1963, ambako wafanyakazi wapatao 300 walifundishwa kusoma na kuandika kwa saa 40 hivi. Somo lilianzia kwenye neno la maisha yao, mathalani tofali. Walijadili kwanza nani hujenga na nani hukaa ndani ya nyumba hizo, ndipo wakaligawa neno katika silabi na kuunda maneno mengine.

Freire alipinga elimu inayomwona mwanafunzi kama akaunti ya benki inayosubiri mwalimu aweke maarifa. Wakati huo Mbrazili asiyejua kusoma hakuruhusiwa kupiga kura, hivyo kumfundisha kusoma kulimfungulia njia ya kura, na kwa maoni yangu hiyo ni sababu kubwa ya watawala wa kijeshi kumfunga mwaka 1964. Uhamishoni aliishi Chile, akafundisha Harvard na kufanya kazi Geneva, hadi aliporejea kwao mwaka 1980.

Kila mmoja aje na neno moja kutoka maisha ya wanafunzi wake, aeleze angelifundishaje.