Niliomba baipasi, mkaniuzia bloofu

Shangani, Mtwara.
17/11/2025

Meneja wa Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUUZIWA VALI ISIYOFAA GARI LENYE SUPACHAJA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa Mtwara, yule wa Toyota Mark X nyeusi ya lita 2.5 aliyepiga simu mara tatu kwa siku moja mpaka kijana wenu wa mauzo akaanza kuniita "mzee wa supachaja". Jina silikatai. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba alijua vizuri gari langu lina nini. Nilimwambia pampu yake ya kuisukumia injini hewa ya ziada si tabo, ni supachaja. Nilimwambia supachaja yangu ni ile ya konokono, inazungushwa na mkanda kutoka kwenye puli ya injini, na kwamba mpira wa ndani wa baipasi yake, ile vali ya kuirudisha hewa iliyozidi, umechanika. Nikaomba baipasi nyingine. Akanijibu kwa WhatsApp, na ujumbe ninao: "Chukua bloofu mkuu, kazi ni ile ile, tena hii inalia."

Nikatuma shilingi 385,000 za hiyo bloofu, vali ya kuipuliza hewa nje. Mzigo ulifika na basi kesho yake, kwa hilo sina neno.

Kazi si ile ile, ndugu Meneja. Niruhusu nieleze, maana naona pale kaunta hakuna aliyewahi kumweleza huyo kijana. Tabo inazungushwa na moshi wa ekzosi. Ukiachia mafuta, moshi unapungua, tabo inapunguza kasi, na hewa iliyokwama kwenye bomba inapulizwa nje mara moja, psshh, yameisha. Supachaja haina mapumziko ya namna hiyo. Injini ikizunguka nayo inazunguka, uwe unapanda kilima au umesimama Mnazi Mmoja unasubiri chenji ya korosho dirishani. Hewa inasukumwa muda wote, na throto, mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, ikiwa imefungwa au imefunguka kidogo tu, hewa hiyo lazima ipate pa kwenda. Ndiyo kazi ya baipasi: inakaa wazi kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, na kwenye mwendo wa kawaida, inairudisha hewa kwenye mdomo wa supachaja, kisha inajifunga ukikanyaga. Hailii. Mtu anaweza kuwa nayo miaka mitano asijue kama ipo.

Halafu kuna sensa ya hewa. Kwenye gari langu imekaa mwanzo kabisa, jirani na eaklina, chujio la hewa. Kila hewa inayopita pale imeshahesabiwa, na kompyuta ya gari inamwaga petroli kulingana na hesabu hiyo. Baipasi ikirudisha hewa ndani, kati ya sensa na supachaja, hesabu haiharibiki. Bloofu inaitupa nje. Petroli imeshamwagwa, hewa yake haipo. Gari la tabo lenye sensa ya presha badala ya sensa hii linaweza kuvumilia, na kuna watu wanaitumia bila shida, sikatai. Langu si hilo.

Fundi wangu wa Chikongola aliifunga Jumamosi. Springi ilivyotoka kiwandani ilikuwa ngumu, vali haikufunguka mpaka niachie mafuta ghafla. Tukaenda nayo Mikindani na kurudi. Kila nikipunguza mwendo, supachaja inakoroma kama mtu mwenye mafua, hewa inarudi kwenye mapanga yake, na mkanda unapiga kelele. Tulipofungua boneti, bomba la hewa halishikiki kwa mkono. Akalegeza skrubu ya springi nusu mzunguko, tena nusu. Ikawa inafunguka hata kwenye sailensa. Akachana kipande cha gazeti, akakiweka mbele ya mdomo wa vali, gari likiwa limesimama tu: karatasi ikapeperuka, haikutulia hata kidogo. Hewa iliyokwisha kuhesabiwa inamwagika kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Kuanzia hapo nikawa na gari la moshi mweusi. Taa ya injini iliwaka siku ya pili. Nikifika njia panda linazimika, nawasha, linazimika tena, na nyuma yangu bodaboda wanapiga honi. (Watoto wa mtaani wao walifurahi. Walikuwa wanakuja jioni kuniomba nilize ile "psshh". Wateja pekee mliowaridhisha.) Kwenda Lindi nilizoea lita 11 hivi, safari hii zikaenda 15. Plagi zilipotolewa zilikuwa na masizi makavu meusi, unayafuta kwa kidole yanabaki kidoleni.

Lililoniuma zaidi ni la Tandahimba. Nilipita kipande cha vumbi, na niliporudi fundi akaingiza kidole ndani ya mdomo wa ile vali, kikatoka chekundu. Vali ikiwa wazi, injini ikivuta hewa nyingi kuliko supachaja inavyosukuma, inavutia papo hapo kwenye vali, na pale hakuna eaklina. Mchanga unakwenda moja kwa moja kwenye silinda. Niliitoa siku hiyohiyo, nikafungua mkanda wa supachaja, na sasa natembelea injini tupu.

Na mimi nina kosa langu. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya maelekezo yenye mchoro, na kwenye mchoro ni tabo, hakuna mkanda wala puli. Ningeitazama kabla fundi hajakata bomba, nisingefika hapa. Ila mteja aliye zaidi ya kilomita 500 kutoka dukani kwenu anategemea mdomo wa muuzaji. Nilipolalamika nikajibiwa: "Kifaa kikishafungwa hakirudishwi." Sasa ningejuaje bila kukifunga?

Naomba mambo mawili. Mnibadilishie mniletee baipasi ya gari la supachaja, yenye mdomo mpana wa kupitisha hewa muda wote na yenye pua ya kuunganisha bomba la kurudisha, au mnirudishie 385,000 yangu. Pili, mnilipe 90,000 za fundi na bomba lililokatwa, risiti zake nimeziambatanisha pamoja na picha za ule ujumbe na za plagi. Vali yenu nimeifunga kwenye boksi lake, iko tayari kupanda basi.

Nilieleza matumizi ya kifaa kabla ya kulipa, na muuzaji akanihakikishia kinafaa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, hali kama hiyo inaitambua. Nikifikisha siku 14 bila jibu, barua hii na viambatanisho vyake vitakwenda Tume ya Ushindani.

Na kama kijana yule bado yupo kaunta, asifukuzwe. Aonyeshwe supachaja ikizunguka, mara moja tu, boneti ikiwa wazi.

Wenu,
Mzee wa supachaja
(jina na namba ya simu mnazo kwenye risiti)