Mji wa ng'ombe na vyuo viwili

Mhariri,

Mpwa wangu alipopata nafasi ya kusoma Northfield, jimbo la Minnesota, majirani hapa Njoro waliuliza hiyo ni Marekani ya wapi. Nilifundisha jiografia miaka mingi, lakini nami nilikimbilia ramani. Ni kilomita kama 65 kusini mwa Minneapolis, na Mto Cannon unapita katikati ya mji.

Sensa ya 2020 ilihesabu watu 20,790. Takriban robo yao ni wanafunzi, maana mji huo mdogo una vyuo viwili: Carleton cha 1866, mashariki ya mto, na St. Olaf cha 1874, juu ya kilima upande wa magharibi. Kaulimbiu ya mji huo, kwa Kiswahili changu, ni "ng'ombe, vyuo na kuridhika". Nilicheka peke yangu. Ng'ombe tunao, Chuo Kikuu cha Egerton tunacho. Hicho cha tatu ndicho kigumu.

Kijana ananiandikia kwamba shule za umma huko husimamiwa na bodi ambayo wakazi wenyewe huichagua kwa kura, na sehemu ya fedha hutoka kwenye kodi ya mali zao. Ujumbe huo niliusoma mara mbili. Juzi mjukuu wangu alirudishwa nyumbani saa nne asubuhi kwa sababu ya shilingi 300 za mtihani. Kikaratasi alichoandikiwa bado ninacho mfukoni. Nimpelekee nani?

Mwalimu mstaafu,
Njoro, Nakuru